Nani Kamkosa Nani?

Kitenzi "kukosa" kimebebeshwa mizigo mingi. Ukikosa nauli, maana yake huna. Ukikosa basi, limekuacha. Ukimkosa mtu, umemfuata kwake usimkute. Na ukiambiwa "umekosa" bila neno jingine kuongezwa, umetenda kosa na unatakiwa kuomba radhi. Sasa fungua rejesta ya kliniki ya afya ya akili, upande wa wagonjwa wa nje, wale wanaotoka nyumbani asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Tafuta mstari wa mtu ambaye hakufika siku yake. Utakuta neno moja: "amekosa". Amekosa nini? Nauli? Basi? Au amekosa tu, kama mtoto aliyevunja sahani?

Nadhani jibu tunalolitoa hapo, hata kama hatulisemi kwa sauti, ndilo linaloamua kama huyo mtu atarudi. Kwa hiyo nataka kulizungumzia jambo hili kama swali la maadili, siyo la uendeshaji wa hospitali. Waendeshaji wana majibu yao, na mengine ni mazuri: toa tarehe ya karibu badala ya mbali, mkumbushe mgonjwa kwa simu, punguza foleni. Lakini chini ya majibu hayo yote limelala swali ambalo halina kalenda wala simu: mtu asipofika, nani anamdai nani?

Tuanze na jambo linalosahaulika. Kukosa kliniki ni jambo jipya. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilipofungua Nairobi nyumba ya kuwaweka wagonjwa wa akili, ile ambayo leo ni Hospitali ya Mathari, hakuna mgonjwa aliyekosa miadi. Miadi haikuwapo. Kulikuwa na ukuta, kufuli na mlinzi. Mirembe ya Dodoma nayo ilizaliwa katika fikra hizo hizo, enzi za Waingereza, na mpaka leo jina lake linatumika katika utani wa vijiweni kana kwamba ni tusi. Ndani ya ukuta, daktari alijua kila saa mgonjwa yuko wapi. Ambaye hakujua kitu ni mgonjwa: hakujua atatoka lini.

Ukuta ulianza kupata nyufa baada ya mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kuwapa wagonjwa wa akili klopromazini, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la dukani la Largactil. Katika miaka ya 1960 zikaja sindano zinazokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Polepole ikawezekana mtu mwenye skizofrenia kulala kwake, kulima shamba lake, kugombana na mkewe kama waume wengine, mradi arudi kila mwezi. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ikachukua nafasi ya kufuli.

Napenda kulitazama hivyo kwa sababu linatukumbusha kitu. Mtu anayeweza kukosa kliniki ni mtu huru. Yule wa mwaka 1910 asingeweza. Kila "amekosa" kwenye rejesta ni ushahidi kwamba mlango haujafungwa. Kwa hiyo anayetaka kupunguza idadi ya wanaokosa awe mwangalifu, asije akaujenga ukuta upya kwa simu na karatasi. Lakini vilevile asije akasema, "Basi, huo ni uhuru wao," akaenda zake kunywa chai. Uhuru huu una bei, na wanaoilipa ni watu tunaokaa nao.

Nimekuwa msindikizaji wa mjomba wangu kwa miaka 11. Si kila mara. Dada yangu naye huenda, na miezi mingi mjomba huenda peke yake. Kliniki yetu ni Jumanne. Wote tunaambiwa tufike saa mbili asubuhi, watu sitini na zaidi, na wa mwisho hutoka saa tisa alasiri. Katika saa hizo, ukiwa umekaa kwenye benchi, unasikia mengi, hasa kuhusu wale ambao hawapo. Wanaosimulia ni majirani zao, ndugu zao, au wao wenyewe waliokosa mwezi uliopita na leo wamekuja kimyakimya.

Yupo aliyekosa kwa sababu mvua za kupandia zilianza Jumatatu, na mvua haingoji kliniki. Yupo kibarua wa ujenzi: akiomba ruhusa kila mwezi, msimamizi atataka kujua anaumwa nini, na akishajua, kazi imekwisha. Yupo dada ambaye dawa ilimnenepesha na kumtetemesha mikono, akaamua afadhali zile sauti kichwani kuliko kuchekwa gengeni. Yupo aliyefika karibu na kitengo, akamwona mwalimu wa mtoto wake anapita, akageuza njia kama aliyesahau kitu. Wapo wanaojisikia wazima, na hao ni wengi mno: "Nimepona, narudi kufanya nini?" Na wapo ambao hawakuwa na nauli, nukta. Hakuna cha kuongeza hapo.

Lakini kuna sababu moja ambayo ni ya kliniki hii kuliko zote. Malaria inakusukuma hospitali. Jino likiuma usiku, alfajiri uko mlangoni kwa daktari; maumivu yenyewe ndiyo yanakupeleka. Ugonjwa wa akili mara nyingi hufanya kinyume. Sonona inakuibia nguvu za kuamka kitandani, na ni nguvu hizo hizo unazohitaji ili ukatibiwe sonona. Anayesikia sauti zikimwambia kwamba manesi wanapanga kumwekea sumu, atakwendaje kwa manesi? Yaani kadiri mtu anavyozidi kuhitaji kwenda, ndivyo anavyozidi kushindwa kwenda. Ndiyo maana tarehe iliyokosekana hapa haifanani na ile ya daktari wa macho. Mgonjwa wa macho asipofika, kuna uwezekano mkubwa kwamba anajua anachokihitaji na atakuja akipata nafasi. Huyu wetu pengine amekosekana wakati ule ule alipokuwa anamhitaji mtu kuliko siku zote, na sisi tumeandika neno moja tukafunua ukurasa.

Majibu ya haraka yako mawili. La kwanza ni lawama, na tusilidharau, kwa sababu lina hoja. Nesi ameacha watoto wake nyumbani akaja kazini. Faili limetafutwa na kutolewa. Kuna mgonjwa mwingine aliyeambiwa arudi mwezi ujao kwa sababu orodha imejaa. Zaidi ya hapo, kumlaumu mtu kuna heshima ndani yake: unamchukulia kama mtu mzima anayeweza kuwajibika. Hatumlaumu mtoto mchanga wala mbuzi.

Tatizo la lawama linaonekana siku mgonjwa anaporudi. Kila msindikizaji anayajua maneno yale: "Ulikuwa wapi wewe? Tarehe huioni? Haya kaa kule mwisho, tuwahudumie kwanza wenye nidhamu." Hayasemwi chumbani, yanasemwa dirishani, watu sitini wakisikia. Sasa fikiria mtu aliyekosa Jumanne moja kwa sababu ya mvua. Wiki inayofuata anaweza kuja, lakini anajua kinachomsubiri dirishani. Anaahirisha. Baada ya mwezi aibu imekuwa kubwa zaidi, na dawa zimekwisha. Kiswahili kina kumrudi mtu, yaani kumwadabisha, na kina kumrudisha. Tumezoea kudhani kwamba la kwanza huzaa la pili. Kwenye benchi lile nimeona mara nyingi likilizuia.

Jibu la pili ni huruma ya jumla. "Maskini, si kosa lake, ni ugonjwa huo." Linasikika tamu, na linatolewa na watu wema. Lakini mjomba wangu hulichukia kuliko lawama. Aliwahi kukosa Jumanne mbili mfululizo. Aliporudi alimkuta nesi mpya, kijana mpole, akamwambia, "Usijali mzee, tunaijua hali yako." Mjomba akamtazama. "Hali gani, mwanangu? Nilikuwa msibani." Alikuwa amekwenda Muheza kumzika shemeji yake, akakaa mpaka arobaini zikapangwa, kama mtu yeyote mwenye heshima zake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba lawama na huruma ya jumla ni ndugu wa tumbo moja. Anayelaumu hajauliza, kwa sababu anadhani anajua: huyu ni mzembe. Anayehurumia naye hajauliza, kwa sababu anadhani anajua: huyu ni mgonjwa. Wote wawili wameshaandika jibu kabla ya swali. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa aliyelala hoi na homa, hiyo ni hekima, usimsumbue, mletee. Lakini mtu aliyeishi na ugonjwa miaka 20, anayepika uji wake mwenyewe na kuwagawia wajukuu, ukikataa kumuuliza unamlaza hoi kwa nguvu.

Sasa turudi kwenye deni. Neno "miadi" lina asili ya Kiarabu, na shina lake ni kuahidi. Nasi tunasema ahadi ni deni. Mantiki inaonekana rahisi: mgonjwa alipewa miadi, hakuja, basi anadaiwa. Lakini ahadi ina masharti yake. Anayeahidi awe anajua anaahidi nini, na awe na nafasi ya kusema hapana, au ya kusema "siku hiyo siwezi, nipe nyingine". Tazama tarehe inavyotolewa. Nesi anainua macho kwenye kalenda ya ukutani, anahesabu wiki nne, anaandika kwenye daftari, anamrudishia mgonjwa. Anayefuata! Hakuna aliyeuliza kama siku hiyo ni siku ya mnada, ya mtihani wa mtoto, au ya mwisho wa mwezi wakati mfukoni hamna kitu. Mgonjwa anaitika "haya sista" kwa sababu ndivyo watu wanavyoitika dirishani. Hiyo ni ahadi ya nani? Mimi naiona imekaa kama wito wa mahakama kuliko miadi.

Kisha kuna upande wa pili wa ahadi, ambao hauandikwi popote. Hospitali nayo imeahidi kwamba ukija utakuta dawa, na utakuta mtu wa kukusikiliza. Nimeshuhudia Jumanne ambazo watu walifika kutoka vijijini, wakakaa mpaka saa nane, wakaambiwa daktari yuko semina. Nyingine dawa hamna, kanunueni nje. Mtu ametumia nauli ya mwezi mzima kuja kununua dawa nje! Kwenye rejesta hakuna safu ya kuandika "kliniki imekosa". Asiyekuwapo na lake halipo, na aliyepo ndiye mwenye kalamu. Sisemi hivi ili kuigeuza lawama tu, iwatoke wagonjwa iwaangukie manesi. Nasema kwamba deni hili lina pande mbili, na vitabu vyetu vinaonyesha upande mmoja.

Je, ikitambulika kwamba lina pande mbili, nini kinabadilika? Nina mifano miwili ambayo hunirudia kichwani kila ninapokaa kwenye benchi lile.

Wa kwanza ni wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amesimulia hadharani, mara nyingi, habari ya mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana aliyeishi mbali na Harare. Walikuwa wamekubaliana na familia kwamba aletwe Harare. Hakuletwa. Kisha mama yake akapiga simu kusema bintiye amejiua. Daktari alipouliza kwa nini hawakuja, jibu lilikuwa kwamba hawakuwa na dola 15 za nauli.

Angeweza kuandika "amekosa". Yeye akaanza kujiuliza kwa nini kila siku ni mgonjwa tu ndiye anayesafiri. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, alianza kazi na wanawake wazee 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa jamii. Aliwafundisha namna ya kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza na kumsaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Kazi hiyo ikaitwa Friendship Bench, benchi la urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshavuka bahari mpaka Zanzibar.

Bibi wa benchi hachomi sindano, na mwenye skizofrenia bado anahitaji dawa yake. Lakini funzo la maadili linabaki pale pale. Kati ya mgonjwa na tiba kuna umbali, na umbali una ncha mbili. Tumezoea kuupima kutoka ncha ya mgonjwa tu, tukamwambia: tembea.

Mfano wa pili ni wa Kenya, na haukuwa wa afya ya akili bali wa watu wanaoishi na VVU walioanza dawa. Shida zao zinafanana na za benchi letu: dawa isiyoisha, kliniki isiyoisha, na aibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet, nusu ya washiriki walipelekewa kila wiki meseji ya neno moja: "Mambo?" Mtu alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu. Aliyekaa kimya naye alipigiwa simu. Katika watu 538 waliofuatiliwa, asilimia 62 ya waliopelekewa meseji walieleza kwamba wanameza dawa zao ipasavyo. Kwa wale wasiopelekewa ilikuwa asilimia 50.

Itazame meseji yenyewe. Haikusema "unakumbushwa". Haikutaja dawa wala ugonjwa, kwa hiyo hata simu ikiwa mkononi mwa wifi hakuna siri iliyovuja. Ilisema kile ambacho rafiki husema akikukuta njiani, na ikasubiri jibu. Na kubwa zaidi, kimya nacho kilihesabiwa kuwa jibu. Hili ndilo nalotaka kulisisitiza kuliko jingine lolote katika makala hii. Kwenye rejesta yetu, kutofika ni mwisho wa mazungumzo. Kwa wale wa "Mambo?", kimya ndicho kilichoanzisha mazungumzo.

Najua mtu ataniuliza: hivi hutaki wagonjwa wafuatwe na kusumbuliwa? Ni swali la haki, maana kutafuta na kuwinda hutofautiana kidogo tu. Mhudumu akifika nyumbani kwa mtu na fulana yenye nembo ya mradi, mtaa mzima umeshajua. Simu ikipigwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kesho yake mama mwenye nyumba anataka chumba chake. Na kuna mahali ambapo kutafutwa kulimaanisha jela. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba, kujaribu kujiua nchini Kenya kulikuwa jinai. Mtu aliyenusurika na kifo alichojitakia alikuwa "amekosa" mbele ya sheria. Ukimwambia mtu kama huyo mficha maradhi kifo humuumbua, ana haki ya kukujibu kwamba ni sisi tuliomfundisha kuficha.

Kwa hiyo kutafuta kunahitaji ruhusa, na ruhusa inaombwa mapema, wakati mtu ni mzima. Miaka kadhaa iliyopita sista mmoja wa makamo, kabla ya kuandika tarehe, alimuuliza mjomba: "Mzee, siku tukikukosa, tukutafuteje?" Mjomba alinyamaza kidogo. Hakuwahi kuulizwa hivyo. Akasema, "Mpigieni huyu binti wa dada yangu. Msimpigie mwanangu, yuko mbali, ataogopa bure. Na gari la hospitali lisije nyumbani kwangu." Sista akayaandika yote nyuma ya daftari, kwa mpangilio ule ule.

Tangu siku hiyo mjomba amekosa mara tatu. Mara mbili alikuwa mzima, yuko safarini, na simu ilikwisha kwa kicheko. Mara ya tatu dada yangu alipigiwa Alhamisi. Alikwenda akamkuta hajala siku mbili, madirisha ameyaziba kwa magunia. Jumanne iliyofuata walikuwa kliniki, wote wawili. Zamani, kabla ya swali la sista, aliwahi kupotea namna hiyo kwa miezi minne kabla ya yeyote kujua, na kutoka kule kulimgharimu kazi na nusu ya meno yake.

Naona swali lile ndilo lililoigeuza tarehe kuwa miadi kweli. Kwa mara ya kwanza mgonjwa naye aliweka masharti. Aliahidi kuja, na kliniki ikaahidi kwamba asipokuja itauliza, tena kwa njia aliyoichagua mwenyewe. Kwa hiyo siku ile simu ilipopigwa haikuwa kumwingilia. Ilikuwa kutimiza alichokisema mwenyewe akiwa na akili zake timamu, kwa faida ya siku ambayo alijua anaweza asiwe nazo.

Kuna pingamizi la nesi mmoja na wagonjwa sitini. Nalikubali kabisa. Sista yule alitumia vocha yake mwenyewe, na si haki wema wa mtu mmoja ugeuzwe mpango wa hospitali. Deni nililolitaja si la nesi. Ni la taasisi, ambayo ina uwezo wa kununua muda wa maongezi kama inavyonunua glovu. Na ni la sisi ndugu pia. Mwaka 1954, huko Abeokuta nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha utaratibu wa wagonjwa kuishi katika vijiji vya jirani na hospitali ya Aro, wakija kutibiwa mchana, na ndugu akiwa pamoja nao. Ndugu alikuwa sehemu ya tiba yenyewe. Siku hizi ndugu tunatokea mgonjwa akishafungwa kamba, tunampeleka kwa kelele, halafu tunarudi mjini. Kumuuliza mtu "Mambo?" kila wiki hakuhitaji cheti cha unesi.

Linabaki pingamizi gumu zaidi. Tumemtafuta kwa njia aliyoitaka, tumemuuliza, naye amesema: sitaki kuja tena. Hapo je? Kama hayuko katika hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, nadhani tunapaswa kumwachia, baada ya kuuliza swali moja la mwisho: ni nini hasa hukitaki? Mara nyingi utasikia ni dawa inayomkausha mdomo na kumlaza mchana, na dawa inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Mara nyingine utasikia ni dirisha, yale maneno ya dirishani. Na mara nyingine hataki tu. Mtu aliyesema hapana amejibu, na aliyejibiwa anajua asimame wapi. Mwache aende, mwambie Jumanne ipo. Ambaye hatuna ruhusa ya kumwachia ni yule ambaye hajasema kitu, kwa sababu hatujui kama yuko msibani Muheza au amekaa gizani nyuma ya magunia. Kwenye rejesta hao wawili wanaandikwa neno lile lile.

Sina ugomvi na rejesta. Iendelee kuandika "amekosa", ni Kiswahili sahihi. Ningependa tu mbele ya neno hilo kuwe na safu moja zaidi, nyembamba, yenye kichwa "ameulizwa?" Na siku mtu huyo atakapotokea dirishani na daftari lake lililokunjika, asiulizwe alikuwa wapi kabla hajasalimiwa. Aambiwe, "Karibu mzee. Jumanne ile tulikukosa." Kisha aachwe aseme.